Chupa Namba Thelathini na Moja

Ndugu yangu Remigius alikuwa mwosha chupa. Siku ya mazishi yake msemaji wa ukoo alisimama akamwita mtafiti, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuwa mtafiti. Alifanya kazi kwenye maabara moja Dar es Salaam miaka kumi na minne, akiosha chupa na kuokota vijiti pwani, na yeye mwenyewe hakupenda kuongezewa cheo. Alikuwa akisema, "Naosha chupa, dada, lakini naziosha vizuri kuliko wao wanavyozichafua." Kwa hiyo nayaandika haya kama yalivyokuwa, na mahali ambapo kosa ni langu nitasema ni langu.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yetu, Remigius wa mwisho. Kati yetu kuna miaka ishirini na mitano na makaburi manne. Mama alifariki Remigius akiwa na miezi minane, mwaka wa hamsini. Mimi nilikwishaolewa hapa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nina Salvina wangu ananyonya. Baba akamleta mtoto amefungwa kwenye blanketi, akaniambia, "Kornelia, una maziwa mawili." Akageuka akaondoka. Basi nikawanyonyesha wote, Remigius kulia, Salvina kushoto, na hata walipokua walikuwa wakisukumana kila wakikaa karibu yangu, kila mmoja anataka upande wake.

Alikuwa mtoto wa kuangalia vitu. Ukimtuma majani ya ng'ombe anarudi na mzigo nusu, kwa sababu alisimama kuangalia gogo lililooza. Nilimchapa kwa hilo zaidi ya mara moja. Mwaka wa sitini na nane akapanda basi kwenda kutafuta kazi Dar, akaipata hiyo ya chupa.

Aliporudi likizo ya kwanza nilimuuliza wanafanya nini hasa humo ndani.

"Tunatafuta dawa ya virusi, dada."

"Hivyo ni vitu gani?"

"Ni vijidudu vidogo kuliko vijidudu. Surua ni kirusi, mafua ni kirusi, polio pia. Sindano ya penisilini haiviwezi."

"Sasa dawa yake mnaitafuta wapi?"

"Baharini. Kwenye kuvu."

Kuvu ni ule ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa. Akanieleza kwamba maji ya bahari yakishakupwa yeye huingia kwenye tope la mikoko, anaokota vijiti vilivyooza, na juu ya vijiti hivyo kuna kuvu ambayo haiishi penginepo ila kwenye chumvi. Wanaiotesha kwenye chupa, wanakamua maji yake, kisha wanayadondosha kwenye chembe za figo ya nyani zilizotiwa kirusi. Kirusi kikiendelea kula zile chembe, chupa inamwagwa. Kikikoma, wanaandika.

Nikamwambia, "Baba alitumia ujana wake kufukuza nyani mahindini. Wewe unalipwa kulisha figo zao."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kicheko cha kukosa pumzi, kama mtu anayepanda kilima.

Nikamuuliza ni ngapi zimekomesha kirusi. Akasema katika chupa zote hizo ni moja tu iliyowatia matumaini, kuvu kutoka kijiti namba thelathini na moja. Nilidhani anajisifu. Baadaye nikajua alikuwa anapunguza, kwa sababu kijiti kile alikuwa amekiokota yeye.

Mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa tatu, nikamwona anashuka njia ya kihambani kwetu, katikati ya migomba inayozunguka nyumba, amebeba kapu kichwani kama mwanamke atokaye sokoni. Ndani mlikuwa na chupa kumi na moja, kila moja imeviringishiwa kipande cha kitenge, na mfuko wa chumvi ya bahari, ile ya mawe. Umeme wa maabara ulikuwa unakatika siku tatu kwa wiki, chumba cha baridi kimeharibika, spea hakuna, na daktari mkubwa aliyekuwa akiwaongoza amekwenda ng'ambo hajarudi. Walioachiwa wakamwambia Remigius amwage kila kitu, aoshe chupa, afunge mlango.

"Nikaosha mia mbili na kitu," aliniambia. "Hizi kumi na moja mkono ulikataa."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Baridi yako, dada. Uru ina baridi ya bure."

Nikampa kile chumba cha nyuma ninachoivishia ndizi za pombe. Chupa akazipanga ukutani, kila moja na karatasi ya namba. Namba nilizijua, kisomo cha watu wazima kilinifikisha hapo na mbele kidogo. Thelathini na moja ilikuwa na kitu cheusi kilichotanda kama manyoya ya kuku aliyelowa. Nimeona vitu vizuri zaidi chini ya mtungi.

Kuvu nazo zinakula. Kule maabara walizilisha unga wa kimea uliotoka Ulaya, na huo ulikwisha. Remigius akajikuna kichwa siku mbili, siku ya tatu akasimama mlangoni pa jiko wakati mimi naanika ulezi wangu uliochipua, kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Dada, hicho ni kimea."

"Ulidhani ni nini, mchanga?"

"Nimetafuta kimea nchi nzima."

"Ungeuliza wanawake."

Tangu siku hiyo tulizilisha pamoja. Nilichemsha kimea changu cha ulezi, nikakichuja mara mbili, yeye akapima chumvi ya bahari kwa kifuniko, tukachemsha tena. Kisha alinifundisha kumimina karibu na mwali wa moto ili vumbi la hewani lisiingie na kuvu za nyumbani kwetu. Alisema za nyumbani zina nguvu, zikipata mlango zinaifukuza ile ya baharini kwenye chupa, na kwa macho huwezi kujua. Nilizoea haraka, maana kimea nimekipika tangu sijaolewa. Alinisifu kwamba mkono wangu hautetemeki. Nilifurahi.

Katika nyumba tulikuwa watatu. Wa tatu ni Dominika, mtoto wa Salvina, miaka mitano. Salvina alikuwa Tanga na mumewe, nami nilimwomba aniachie mtoto kwa kuwa nyumba ilikuwa imebaki tupu tangu mume wangu afariki. Dominika alimfuata Remigius kila mahali, akazipa chupa majina ya kuku. Thelathini na moja akaiita Mweusi.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa langu. Mwezi wa sita ilitangazwa kanisani kwamba siku ya Jumatano kutakuwa na chanjo ya surua zahanati. Nilimpeleka Dominika, nikapanga foleni. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mama yake nilimfundisha mimi kupika mbege. Akapita anakagua watoto, akafika kwetu, akamtazama Dominika miguu, akasema mbele ya watu wote, "Bibi, mrudishe huyu bombani ukamwoshe kwanza, hapa si zizini."

Nikamwambia, "Mtoto wangu hana uchafu. Huo ni udongo wa kihamba, ndio uliomlea mama yako."

"Bibi, bomba ni lile pale."

Wanawake wakacheka. Nilimshika Dominika mkono, nikarudi naye nyumbani. Remigius aliniuliza, "Amechomwa?" Nikasema nitampeleka siku nyingine. Akasema, "Dada, nitampeleka mimi." Nikamjibu kwamba katika nyumba hii bado sijafa. Sikumpeleka siku nyingine, na yeye sikumruhusu.

Surua ilimkuta Dominika mwezi wa tisa. Jumatatu macho yalikuwa mekundu, Jumatano vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka. Nilimlaza pasipo mwanga kama tulivyofundishwa, nikampa maji ya ndizi. Remigius alikwenda zahanati akaleta vidonge vya homa, na habari kwamba nimpe maji mengi, na akianza kuhema kwa haraka tumkimbize hospitali.

Alhamisi nilishuka mjini Moshi kwa miguu mpaka duka la dawa la Bwana Hasmukh. Tulijuana tangu kabla ya uhuru, alikuwa akinunua ndizi kwangu mama yake alipokuwa hai. Rafu zilikuwa tupu mwaka ule, zimebaki chupa za rangi za kupamba dirisha.

"Kornelia, karibu. Umeleta ndizi?"

"Nimekuja kutaka dawa ya surua."

"Dawa ya homa ninayo kidogo. Dawa ya macho kidogo."

"Sikusema homa wala macho. Dawa ya surua yenyewe. Ya kirusi."

Akanitazama juu ya miwani. "Nani amekufundisha neno hilo?"

"Ndugu yangu."

"Basi ndugu yako amekwambia pia kwamba haipo. Si kwangu tu. Hata London hakuna. Ukienda na gunia la sterlingi watakuambia mtoto anywe maji, mngoje." Akanifungia mafuta ya macho kwenye gazeti. "Pole, mama. Ninao wajukuu."

Nilipanda mlima na kile kifurushi. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba Hasmukh hajui. Hata London hawajui. Ipo, iko chumba cha nyuma, nimeilisha kwa mkono wangu miezi sita.

Jioni ile ile kabla jua halijazama nilimwambia Remigius ampe Dominika maji ya thelathini na moja.

Akaweka chini jembe alilokuwa ameshika. "Haiwezekani."

"Si inakomesha kirusi?"

"Kwenye glasi, dada. Kwenye glasi hata mkojo wa ng'ombe unaweza kukomesha kitu. Hatukufika kwa mtu. Tulifika kwa panya."

"Panya walipona?"

"Panya sita. Wawili walikufa, na hawakufa kwa kirusi. Walikufa kwa dawa. Ndani ya maji yale kuna kitu kimoja kizuri na vingine kumi tusivyovijua. Kukitenga kile kizuri kunataka mitambo, kunataka watu, pengine miaka kumi."

"Wanne walipona."

"Dada."

"Nimekuuliza, wanne walipona?"

"Walipona," akasema, akaingia ndani kwa mtoto.

Ijumaa nilimwomba tena, akakataa tena. Jumamosi asubuhi Dominika hakunijua. Aliniita kwa jina la kuku. Nikatoka nje, nikaenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la sale.

Asiye wa kwetu huona sale kama ua tu la mpaka. Sisi jani lake hukunjwa fundo, mtu akapeleka kwa yule anayemwomba msamaha au kumsihi kwa jambo zito, na anayeletewa hakatai. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Aliyewahi kulikataa mpaka leo ukoo wake hutajwa kwa sauti ya chini. Lakini jani huletwa na mkosaji, au mdogo humletea mkubwa. Sijasikia mkubwa akimpelekea mdogo, tena mdogo aliyemnyonyesha.

Remigius alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha nyuma. Sikupiga magoti, magoti yangu ni ya kanisani. Nilisimama mbele yake nikalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Alilitazama. "Usinifanyie hivi, dada."

"Limekwishakatwa."

"Ukinipa hilo siwezi kusema hapana, na ndiyo yangu itamuua."

"Anakufa tayari. Pokea."

Alinyoosha ile mikono iliyoosha chupa elfu na elfu. Akapokea. Akaliweka mapajani, kuku wakipita miguuni pake. Kisha akasimama, akaleta thelathini na moja, akakamua maji yake kwa kitambaa kilichochemshwa, akapata kama vijiko vitatu, rangi ya chai iliyolala.

"Nitafanya ulivyoniomba," akasema, "ila kwa utaratibu wa kazi. Nakunywa mimi kwanza. Nikiamka kesho mzima, tutampa tone moja."

"Kesho ni mbali."

"Hilo ndilo ninaloweza kukupa kwa jani lako, dada. Zaidi ya hilo sina."

Akanywa vyote vitatu, akafuta mdomo. Mchana alisema tumbo linamkata. Jua lilipoelekea magharibi alikuwa anatapika, na usiku kucha niliwasikia wawili, mmoja chumba hiki, mwingine kile.

Jumapili asubuhi Dominika alianza kuhema kwa haraka, mbavu zikaingia ndani. Hapo hata mimi nilijua ni hospitali. Mtu wa kumbeba mtoto mpaka barabara kubwa alikuwa mmoja tu katika nyumba hii, mwanamume wa miaka thelathini na miwili mwenye mgongo imara, naye hakuweza kuinua kichwa. Nilikimbia kwa jirani mwenye gari. Gari lilikuwepo, petroli ilikwisha siku nyingi, na ilikuwa Jumapili, siku ambayo magari yalikuwa machache barabarani hata asubuhi, kwa ile amri ya kubana mafuta. Vijana wote walikuwa misani. Nikarudi, nikamfunga Dominika mgongoni kwa kanga mbili.

Remigius alitoka kitandani. Sijui alisimamaje. "Nipe mimi," akasema. Alinifuata hatua kumi na mbili, nilizihesabu baadaye kwenye udongo, akaanguka kwenye ua wa sale pale mpakani. Aliinua mkono akanionyesha niende. Nikaenda.

Nina goti bovu tangu mimba ya tatu. Nilishuka nikiongea na mtoto, namwambia hili ni shamba la nani, ile ni miti ya nani, karibu tutaona mji. Alikuwa anahema shingoni kwangu, pumzi za moto, fupi fupi. Kwenye daraja la miti nilisimama nimrekebishe kanga. Nikasikia maji ya mto tu.

Salvina alifika siku ya tatu, tumekwishazika. Maiti ya mtoto wa surua haiwekwi. Hakulia mbele yangu. Alikaa jikoni, upande wake ule wa kushoto, Remigius kulia, amekonda kwa siku tatu kama mgonjwa wa mwezi. Aliuliza neno moja tu.

"Mama, alipata chanjo?"

Nikasema, "Tulikwenda. Dawa ilikuwa imekwisha."

Nilisema hivyo huku nautazama moto. Remigius alijua. Alikuwepo siku ile, aliona nimerudi na mtoto na hasira yangu. Niliungoja ulimi wake. Angenimaliza kwa neno moja, naye alikuwa na haki, maana mimi nilikwishammaliza yeye kwa jani. Akachukua ukuni, akausukuma motoni.

"Mwaka huu kila kitu kimekwisha," akasema.

Basi Salvina akarudi Tanga anajua hivyo, na mpaka ninapoandika haya anajua hivyo.

Remigius hakurudi tena Dar. Alilima kahawa yangu, akawa mtu wa uji, nyama ikimkaribia tumbo linakataa. Chupa kumi alizimwaga mwenyewe, akaziosha kama alivyojua, akawagawia wanawake wakawekea mafuta ya taa. Thelathini na moja alitaka kuimwaga pia. Nilisimama mlangoni.

"Ya nini sasa?" aliniuliza.

"Hiyo kazi nimekwishaifanya. Siiachi nusu."

"Daktari hatarudi, dada. Nilimwandikia barua tatu."

"Andika ya nne."

Aliandika. Tuliendelea kuilisha, kimea changu na chumvi yake, hatuongei sana. Mara moja tu aliniambia, akiwa ameishika chupa kwenye mwanga wa mlango, kwamba anaamini kabisa dawa imo humo. "Imo," akasema, "kama vile theluji ipo pale juu. Unaiona kila siku ukifagia uwanja. Nenda kaichote uipikie."

Alifariki mwaka wa themanini na tano, mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Daktari wa hospitali alisema ni ini. Hakuniuliza alikunywa nini, nami sikusema. Tulimzika kihambani, na pembeni yake nikapanda sale, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Chupa bado iko chumba cha nyuma. Chumvi ya bahari ilikwisha kabla yeye hajafa, nikatia ya dukani, na ya dukani ilipoadimika nikatia magadi. Namimina karibu na moto kama alivyonifundisha, ila sasa mkono wangu nao umeanza kutetemeka, na macho hayaoni ukingo wa chupa vizuri. Ile kuvu imebadilika. Ilikuwa nyeusi, sasa ina kijani kwenye pembe. Huenda imezeeka tu kama mimi. Huenda ya baharini ilifukuzwa zamani, na ninachokilisha kwa ulezi wangu ni ukungu wa nyumba hii hii. Aliyeweza kunitofautishia ni mmoja, naye nimekwishampandia sale.

Barua ya nne haikujibiwa. Jumamosi nitachemsha kimea kingine.